Shemeji Alihamisha Linki Zangu, Akawaambia Watu Nimeugua Kichwa

Admin, nifichie jina langu, na jina la tovuti yangu pia, maana aliyenifanyia haya bado anakula meza moja na wazazi wangu.

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, sijaolewa, naishi Tunduma, kwetu ni Ihanda. Zamani niliajiriwa kwa wakala wa forodha hapa mpakani. Ofisi ilipofungwa nikaanzisha tovuti ya kuwaelekeza wafanyabiashara wadogo: mahindi yanavuka na karatasi zipi, maharage je, na unamjuaje kishoka, yule wakala wa uongo, kabla hajakuliza. Baadaye wenye nyumba za wageni na malori wakaanza kutangaza kwangu, nikawa naishi kwa hiyo kazi.

Haikuwa rahisi. Mwanzoni mtu akitafuta habari za mpaka mtandaoni, mimi nilikuwa kurasa za nyuma kabisa, hakuna anayefika huko. Nikaandika zaidi, hakuna kilichobadilika. Nikaja kuelewa kwamba mtambo wa kutafuta hauniamini kwa maneno yangu mwenyewe. Ni kama kwetu, kijana akija kuposa wazee hawamuulizi yeye kama ni mchapakazi, wanauliza majirani zake. Mtandaoni majirani ni tovuti za wengine. Zikiweka linki ya kuleta watu kwako, zimekutolea ushahidi, nawe unapanda. Na ushahidi haulingani, neno la mtu anayeheshimika lina uzito zaidi kuliko la walevi wa kilabuni wote. Basi nikawafuata wanaoheshimika. Nilivuka kwenda Nakonde kwa Mama Mulenga, kiongozi wa akina mama wafanyabiashara wa upande wa Zambia. Nikaenda kwa chama cha madereva, kwa wakulima wa kahawa wa Mbozi, kwa mwalimu mmoja wa chuo anayeandika habari za biashara. Walisoma kazi yangu, wakaipenda, wakaweka linki. Nikapanda mpaka nikawa wa kwanza.

Mdogo wangu, nimwite Neema, aliolewa na kijana ambaye nitamwita Elia. Hakuwa na kazi. Nikamchukua, nikamfundisha kila kitu, nikamtambulisha kwa wale watu wote kuwa ni shemeji yangu, wamwone kama mimi. Alipoaga kwamba anataka kujitegemea, nilimwombea heri.

Baada ya hapo wasomaji wakaanza kupungua. Nikashuka, nikashuka tena. Elia alikuja kunipa pole, akanishauri ninunue linki kwa mtu anayeziuza. Nilikuwa nimechanganyikiwa, nikanunua. Kumbe zilitoka kwenye tovuti za kamari na za dawa za nguvu za kiume. Mtambo ukaniona tapeli, nikazama moja kwa moja. Wenye matangazo wakaondoka, nikaishia kuuza vitenge sokoni.

Nikiwa hapo sokoni akapita Mama Mulenga. Nikamsalimia kikwao, "Mulishani, mukwai." Alisimama akiniangalia kama ameona mtu aliyezikwa, kisha akanikumbatia.

"Mwanangu, umepona?"

Nikamuuliza nimepona nini. Ndipo akaniambia. Elia aliwapigia simu wote, akisema nimeugua kichwa, akili zimeniruka, familia imenirudisha kijijini, na kazi yangu amehamishia kwenye tovuti mpya anayoisimamia yeye. Akawaomba wabadilishe linki, wakabadilisha kwa huruma. Akina mama wa Nakonde walikuwa hata wananiombea kanisani kwao. Kwa hiyo majirani wangu wote walikuwa wanamtolea ushahidi yeye, na mtambo ukamfuata yeye. Nilikaa chini palepale kwenye vitenge vyangu.

Nikaenda nyumbani Ihanda, baba akatuita wote. Elia hakukana. Aliongea taratibu, mikono magotini.

"Dada, sijachukua maandishi yako hata moja. Tovuti yako ipo. Nani kakuzuia kuandika?"

Baba akasema mambo ya kwenye simu yeye hayaelewi, ila shamba la mtu halijachukuliwa hapa. Neema ana ujauzito mkubwa. Nilimgeukia nikitegemea angalau aone aibu. Akaniambia, "Dada, wewe uko peke yako, utakula popote. Mimi wanangu watakula nini?" Huyu nilimlipia ada mimi.

Nikaanza kuwatafuta wale watu mmoja mmoja. Mama Mulenga alirudisha linki yangu siku ileile. Lakini moja hainipandishi. Madereva na wakulima wanasema watafanya atakavyofanya yule mwalimu. Mwalimu amenijibu kwa upole sana, kama anayeongea na mgonjwa. Anasema hawezi kuingilia mambo ya familia, ila ndugu yangu mmoja tu akimthibitishia kwamba nina akili timamu, atarudisha.

Mmoja tu. Baba amekataa, anasema hawezi kumwita mkwe wake mwongo mbele ya watu. Neema hapokei simu zangu. Nilimwendea mama, nikapiga magoti jikoni kwake, nikamwomba aseme tu kwamba mimi ni mzima. Mama alilia, akanifuta vumbi magotini, akaniambia, "Mwanangu, kama kweli u mzima, utavumilia."

Mama Mulenga yuko tayari kuvuka aje anisemee polisi kwamba Elia aliwadanganya. Nikikubali, mdogo wangu atajifungua mumewe akiwa mahabusu, na Ihanda sitakanyaga tena. Nikinyamaza, nabaki kichaa kwa kila aliyewahi kuniamini, na wazazi wangu wametia saini kwa kukaa kimya. Ninyi msionijua mmenisoma mpaka hapa. Mnaniona nina akili zangu? Kama ninazo, niambieni nizitumie kufanya lipi.