Ng'ombe wa Marehemu Buruhan

Kumekucha sokoni Mbarara, na Buruhan Matovu ananoa kisu kwenye bucha yake. Ketty, mke wa askari wa kambini, anafika na kikapu.

"Marehemu, pima vizuri. Ukinipunja tunakuzika tena!"

"Mama, mimi maiti, nyama nitaipeleka wapi?" anajibu, akimwongezea kipande cha mafuta.

Jina hilo alilipata jukwaani. Tangu mwaka 1985, kila Jumapili huvua aproni na kuwa mzee tajiri katika mchezo wa kuigiza wa kikundi chao. Mzee huyo, kabla ya kukata roho, hufichua siri kwamba mchungaji wa mifugo yake ni mwanawe wa kumzaa. Humrithisha ng'ombe bora, na hapo ndugu huanza kugombana.

Mwaka jana waliupeleka mchezo Nakivale, kwenye kambi ya wakimbizi. Mzee Karekezi, mkimbizi kutoka Rwanda ambaye humuuzia Buruhan mifugo, aliwaazima ng'ombe wake wa maziwa, wa pekee aliyewabakia wajukuu wake. Buruhan akatamka wosia, akafa, akafunikwa shuka. Watu wakalia kweli.

Mchezo ulipokwisha, Karekezi akaja kumfungua ng'ombe wake. Wanawake waliokuwa wakitazama wakamzuia.

"Mzee, unamnyang'anya yatima? Baba yake amesema mbele yetu sisi wote!"

"Ni wangu! Niliwaazima tu!"

"Basi kamdai marehemu."

Buruhan akatupa shuka, akasimama kumtetea. Uwanja mzima ukaangua kicheko. "Lala wewe! Umeshakufa."

"Niliona biashara yangu inakufa," anasimulia. "Mfugaji gani angeniamini tena na ng'ombe wake?"

Jamiru, fundi cherehani anayeigiza mchungaji, ndiye aliyepata njia. Alishika kamba ya ng'ombe, akapiga goti mbele ya Karekezi.

"Baba mdogo, wewe ndiye uliyenilea, baba aliponificha. Mchukue ng'ombe huyu."

Vigelegele vikapigwa. Ndugu waliokuwa wakigombea urithi wakakosa cha kugombea, wakakumbatiana.

Tangu siku hiyo mchezo huishia hapo. Mwezi ujao kikundi kinakwenda Oruchinga, kambi nyingine ya wakimbizi, na Buruhan ameomba ng'ombe yuleyule. Karekezi amekubali, ila kwa sharti kwamba baba mdogo ataigizwa na yeye mwenyewe.

"Ng'ombe wangu haendi huko peke yake," anasema mzee.

Jumapili hii Buruhan atakwenda Nakivale kumfundisha maneno yake. "Ni machache," anasema, akipangusa kisu. "Naomba Mungu tu, nikishakufa, mzee asianze kunidai."