Mkono Wangu Kwenye Gramafoni ya Malaba

Siku yangu ya kwanza kazini niliunguza sketi. Niliambiwa nibebe betri ya gari kutoka stoo hadi mbele ya duka, kifuniko chake kilikuwa kimelegea, na asidi ikanidondokea. Jioni nilipoifua ile sketi, ikafumuka matundu matupu. Mama yangu kule Samia alipoiona aliuliza ni kazi gani hii inayokula nguo za mtu. Nikamjibu, mama, ni kazi ya raha. Wala sikumdanganya!

Duka lilikuwa Busia mjini, upande wetu wa mpaka, miaka ya sabini ikiwa bado michanga. Liliuza redio, taa za pampu na santuri. Lakini biashara iliyonitoa macho ilikuwa kukodisha muziki. Stima ilikuwa haijafika sehemu nyingi, kwa hiyo mwenye hoteli au mwenye harusi alikuja kwetu akakodi gramafoni, amplifaya, yaani mashine ya kukuza sauti, tarumbeta mbili za bati za kutolea sauti, za kutundika juu, na betri za kuendesha vyote hivyo. Pamoja na mashine tulimpa mtu wa kuzishughulikia, aliyeitwa mpiga santuri. Kabla yangu wapiga santuri wote walikuwa wanaume. Mimi niliajiriwa kupangusa vumbi na kuuza sindano.

Aliyenifundisha ni Fundi Mkuu, mtu wa Tororo, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Yeye hakujali nani ni msichana na nani ni mvulana, alijali sindano tu. "Nnyabo," alikuwa akiniambia, yaani bibi kwa Kiganda, "sindano haitupwi. Unailaza polepole kama mtoto amesinzia. Ukiitupa, yeye analia na mimi nalia." Alinionyesha jinsi ya kuinamisha santuri kwenye mwanga ili niisome kwa macho: mifereji yenye kelele hung'aa kijivu, na mitulivu huwa myeusi. Baada ya miezi michache niliweza kulaza sindano pale gita linapoanza bila kubahatisha.

Kisha mpiga santuri wetu akapanda lori Malaba akaenda zake Mombasa, asirudi. Harusi ilikuwa inangoja. Fundi Mkuu akaniambia nipande gari. Meneja, ambaye ndiye aliyetuandika kazi na kutufuta, akasimama mlangoni akakuna kichwa.

"Watu watasema nimetuma msichana kwa ngoma."

"Meneja," Fundi Mkuu akamjibu, "watu hawachezi na mpiga santuri. Wanacheza na santuri."

"Basi aende. Lakini ni kwa muda tu, mpaka nipate mwanaume."

Maneno hayo, kwa muda tu, nilitembea nayo kila mahali. Kila Jumatatu niliingia dukani nikichungulia kama kuna mwanaume mgeni amekalia kiti changu. Niliipenda kazi ile hata nikaiogopa.

Na ningeachaje kuipenda, jamani? Wahenga walisema kazi mbaya si mchezo mwema. Hawakujua kuna kazi ambayo ni mchezo wenyewe! Nyinyi vijana mnadhani raha ilianza na nyinyi. Hebu niwatembeze.

Jumapili baada ya kanisa tulishuka Sio Port. Omena, dagaa wa ziwani, zilikuwa zimeanikwa kwenye nyavu, harufu imejaa hewani, na kando yake watu wanacheza juu ya ardhi iliyoshindiliwa. Wavuvi wakicheza hawana haraka, wamezoea kungoja. Walitaka nyimbo ndefu, na wimbo ukiisha walibaki wamesimama palepale wakinitazama mpaka niweke mwingine. Adui yangu huko alikuwa mchanga. Nilifunika mashine kwa leso mbili na bado nikaukuta ndani.

Amukura nako, acheni tu! Wateso walikaa wakizunguka chungu cha ajon, pombe ya wimbi inayonywewa kwa mirija mirefu, kila mtu na mrija wake. Saa ya kwanza wazee hawakutaka kunisikia. "Dada, punguza hiyo kitu, tunaongea." Nikapunguza. Halafu mama mmoja anaweka mrija chini, anasimama, mabega yanaanza kutikisika peke yao, na baada yake hakuna tena wa kuongea. Waliporuka, ardhi ilitetema na sindano ikaruka nao. Fundi Mkuu alikata mpira wa ndani wa tairi, tukaifunga gramafoni kwenye boriti kwa vipande vyake ikaning'inia hewani. Hapo wakaruka mpaka wakachoka wenyewe.

Lakini penzi langu lilikuwa Bumala, siku ya soko, kwenye bugi. Bugi ni dansi ya mchana, ya vijana, ndani ya ukumbi wa sakafu ya saruji. Akina mama wanauza ndizi nje, na wewe ndani unatoka jasho. Siku moja kiti kilianguka juu ya meza yangu, sindano ikachimba santuri iliyokuwa ikipendwa kuliko zote. Tangu hapo, gita likifika mahali fulani, sindano ilirudi nyuma mfereji mmoja, ikarudia kipande kilekile, ikarudi tena.

Mara ya kwanza nilitaka kufa kwa aibu. Niliurukia mkono wa gramafoni, ule unaobeba sindano, niusukume mbele. Lakini kabla sijaugusa nikamwona kijana mmoja mrefu wa Amukura, jina lake Emojong, ambaye baadaye alinioa. Gita liliporudi, naye alirudi hatua moja nyuma. Likarudi tena, akarudi tena, uso mkavu kama kwamba ndivyo wimbo ulivyoandikwa. Wenzake wakacheka, wakamfuata, na mara ukumbi mzima ukawa unarudi nyuma kwa pamoja. Nikakizuia kidole changu. Nikawangoja mpaka nyuso zote zimenigeukia, ndipo nikausukuma mkono. Wimbo ukafunguka, watu wakaruka juu wakipiga kelele, nami nikajikuta napiga kelele pamoja nao.

Tangu siku hiyo dansi hiyo iliitwa Rudi. Utamu wake wote ulikuwa kwamba hakuna aliyejua nitawaachilia lini. Wengine walisikiliza pumzi yangu, wengine walitazama kidole. "Dada, usiachilie! Bado!" Watu walitoka Busia kuja kucheza Rudi. Wa ng'ambo walivuka mpaka wamebeba viatu mkononi ili visipate vumbi, wakavivaa mlangoni.

Habari zikamfikia Meneja, naye hakufurahi.

"Ajiambo, nasikia unapigia watu santuri mbovu. Nani atanunua redio kwa duka ambalo muziki wake unakwama?"

"Meneja, ndiyo wanayoitaka."

"Wanataka kwa sababu hawajasikia nzuri."

Sitamsema vibaya, alikuwa analinda duka. Tena wakati huo alikuwa na jambo kubwa mkononi. Mama mmoja mwenye hoteli Malaba alitaka muziki kila Jumapili, na Meneja alitaka sana kumpata. Akatoa rafuni santuri mpya ya wimbo uleule, ile yangu akaifungia dukani, akaja Malaba mwenyewe. Na hakuja peke yake. Alikuja na kijana kutoka Kisumu, aliyevaa vizuri, ambaye alikuwa amepiga santuri kwenye baa kubwa huko.

"Huyu anatazama tu," Meneja aliniambia. "Ukipiga vizuri leo, utaendelea. Ukiharibu, anaanza Jumapili ijayo."

Malaba ya Jumapili mchana! Malori yamepangana mpaka huwezi kuona mwisho wake, madereva wameoga wamechana nywele, hawana pa kwenda mpaka karatasi zao zipite. Makarani wa forodha wamevua tai. Wafanyabiashara wa ng'ambo wapo, watu wa Bumala wamekuja, na Emojong wangu yupo katikati, anang'aa mafuta. Nilianza na nyimbo za pwani kwa ajili ya madereva, nikaja kwa za Kongo, na ua wote wa hoteli ukachemka. Kisha kelele zikaanza: "Rudi! Dada, weka Rudi!"

Nikaitoa ile mpya kwenye karatasi yake. Ilikuwa safi sana, inanukia duka. Gita likafika mahali pake, na ua mzima ukarudi hatua nyuma. Santuri haikurudi. Ilipita moja kwa moja, ikiimba vizuri kabisa, na watu wakagongana. Soda ikamwagikia mtu. Dereva mmoja akapaza sauti, "Dada, umetuibia!" Wimbo ulipoisha hakuna aliyepiga makofi. Nikaona migongo inaelekea langoni.

Mama mwenye hoteli alikuwa kaunta, mikono kifuani. "Meneja, hii ndiyo ile walisema watu wanavuka mpaka kuicheza?"

"Santuri ni mpya kabisa, Mama."

"Mpya ndiyo. Lakini watu wanaenda."

Kijana wa Kisumu akaanza kukunja mikono ya shati. Nikarudisha sindano mwanzo.

Watu waliokuwa langoni wakageuka, si kwa furaha, kwa kushangaa tu. Nikainama mpaka pua ikakaribia santuri, nikitazama ule weusi unaokuja kabla ya gita. Kidole changu kidogo nilikiweka kando ya mkono wa gramafoni. Meneja alielewa kabla ya mtu mwingine yeyote.

"Ajiambo, usiguse!"

Nilimsikia. Nilimsikia vizuri sana. Gita likafika, nikausukuma mkono nyuma kwa ncha ya ukucha, sindano ikakwaruza, krrr, ikarudi mfereji mmoja. Emojong akarudi hatua. Nikasukuma tena. Wakarudi watu kumi. Nikasukuma mara ya tatu na ua wote ukarudi, mguu mmoja, vumbi moja. Mara ya nne haikunihitaji. Santuri mpya ilikuwa imepata kovu lake, ikarudi yenyewe.

Niliinua mikono yote miwili juu watu waone siigusi. Weee! Madereva walipanda juu ya malori yao. Makarani walipiga mluzi. Niliwashika hapo mpaka mimi mwenyewe nikashindwa kuvumilia, nikausukuma mkono mbele, na Malaba yote ikaruka.

Wimbo ulipoisha Meneja alikuja, akaichukua santuri, akaiinamisha kwenye jua. Kovu lilionekana wazi.

"Umeharibu mali ya duka."

"Ndiyo, Meneja."

Mama mwenye hoteli alikuwa amefika nyuma yake. "Kila Jumapili," alisema. "Na mlete huyu huyu msichana. Huyo kijana mwingine mpe soda arudi kwao."

Meneja aliirudisha santuri kwenye karatasi yake. Nilidhani ananitafutia maneno ya kunifukuza.

"Huu wimbo," aliuliza, "dukani tumebakiza ngapi?"

"Tatu."

"Usimuuzie mtu."

Tangu siku ile hakusema tena kwa muda tu. Nilipiga santuri mpaka kaseti zilipokuja, nikapiga kaseti mpaka duka lilipofungwa, na Meneja alipostaafu mimi ndiye niliyemwekea muziki wa kumuaga.

Sasa nami nimepumzika. Vijana mnaoanza kazi mnaniuliza siri yake. Siri ni kuwatazama watu kuliko unavyoitazama mashine, na kujua kwamba kidole kinachotetemeka kinaweza pia kufanya kazi. Jambo moja tu sikumwambia mtu miaka ile. Mpiga santuri haondoki kwenye mashine. Bumala, Sio Port, Amukura, Malaba, kote huko Emojong alininyooshea mkono kutoka katikati ya dansi, na kote nilimtikisia kichwa. Nani angeshika sindano? Tulioana, tukapata watoto, tukazeeka, na nilikuwa sijacheza naye hata wimbo mmoja.

Mwaka niliostaafu mjukuu wetu aliolewa. Muziki ulikuwa wa mtu mwingine, mashine ya mtu mwingine. Emojong akanyoosha mkono, na kwa mara ya kwanza maishani sikuwa na kisingizio. Nikaingia katikati. Nilikanyaga mguu wake wa kulia, nikakanyaga wa kushoto, nikageuka upande ambao hakuna mtu aliyegeukia, na yule mzee akasimama akanitazama, machozi ya kicheko yakimtiririka.

"Ajiambo," akaniambia, "kumbe hujui kucheza!"