Bibi na Hodhi la Meneja

Nilimwahidi bibi yangu hodhi la kuogea kabla sijapima korido. Hilo ndilo kosa langu, na nalisema mapema nisije nikaanza kulizungukazunguka kama ilivyo tabia yangu.

Hodhi lenyewe lilikuwa la chuma kizito, refu kiasi cha mtu kulala, jeupe ndani kama sahani, limesimama juu ya miguu minne iliyotengenezwa mfano wa nyayo za simba. Lilikuwa katika nyumba ya aliyekuwa meneja wa shamba la mkonge, nje kidogo ya Kilosa, njia ya kwenda Chanzuru. Shamba lilipochukuliwa na serikali, nasi tukawa kijiji cha ujamaa, nyumba ile tulipewa iwe zahanati. Chumba cha kuogea kilikuwa na sakafu nzuri ya saruji na tundu la kutolea maji, basi kikao kikaamua kiwe chumba cha kuzalishia. Kitanda kingefika Jumamosi mchana pamoja na mkunga. Hodhi litoke kabla ya hapo.

Kazi nilipewa mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, shule niliishia darasa la nne, na ufundi nilijifunza kwa kufungua baiskeli za watu na kumwomba Mungu zifungike. Kila nilichofungua nilikichora kwenye daftari, kila nati mahali pake, kwa sababu sikuwa na mwalimu wa kumuuliza nikisahau. Mwenyekiti wa kijiji aliniambia mbele ya watu, "Fundi, ukiweza kulitoa, ni lako. Kijiji hakina haja ya kuoga kama samaki." Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshaanza kuogopa.

Nyumbani nilimkuta bibi amekaa kwenye mkeka anachambua mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Mbona uso umekukunjamana hivyo? Umeoa mke wa pili, unatafuta pa kuanzia kuniambia?"

Ameniita mume wake tangu nazaliwa, kama mabibi wote wa kwetu, na malalamiko yake juu ya ndoa yetu hayajawahi kuisha. Nilipomweleza habari ya hodhi aliacha kuchambua.

"Lile karai la meneja?"

Nilijua kwamba zamani, kabla ya Uhuru, bibi alifanya kazi kwenye nyumba ile. Sikujua kazi gani. Kumbe yeye na mwanamke mwenzake walikuwa wanapandisha maji kwa debe kutoka mtoni, kila jioni, na kuyamimina kwenye pipa lililokuwa nje, nyuma ya ukuta wa chumba cha kuogea. Chini ya pipa ulikokwa moto, na bomba lilipita ukutani likapeleka maji ya moto ndani.

"Mimi nilipeleka ya baridi," alisema. "Ya moto sikuwahi hata kuyatia kidole."

Alisema hivyo bila uchungu, kama mtu anayesema hajawahi kufika Dodoma. Lakini mimi niliangalia magoti yake. Miaka ile yalikuwa yamevimba, na msimu wa baridi alitembea kwa kushika ukuta.

"Bibi, nitalileta hapa," nilisema. "Nitalifunga nyuma ya nyumba, na pipa lake. Utaoga maji ya moto kila siku."

Nilisema kwa sababu nampenda. Na nikiri: nilisema pia kwa sababu nilitaka aendelee kuniangalia vile alivyoniangalia wakati ule.

Spana ya bomba sikuwa nayo. Nilipanda lori la mahindi, tukapita kijiji cha Ulaya hadi Mikumi, nikaazima kwa fundi mmoja wa kambi ya barabara, nikarudi kesho yake nimeikumbatia kama mtoto. Nati zilikuwa zimeshikwa na kutu. Nilizimwagia mafuta ya taa, nikangoja, nikajaribu, nikangoja tena. Nilishusha pipa. Nilibomoa jiko lake la matofali na kuyaandika namba kwa mkaa, tofali moja moja. Nilipima upana wa hodhi kwa kamba ya katani, nikaipeleka kamba mlangoni: likilazwa ubavu, linapita. Nilipima mara tatu. Bibi alikuja kila siku na fimbo yake, akakaa kwenye ngazi, akawa ananiangalia.

"Mume wangu, hata mimi hukunipima hivyo kabla ya kunioa."

Alhamisi walikuja wanaume sita. Tulililaza ubavu, tukalipitisha juu ya magogo, na mlangoni likapita kama nilivyosema. Sehemu ya mbele ikatoka, ikaenda kugonga ukuta wa pili wa korido. Korido ilikuwa nyembamba. Hodhi halikuweza kukata kona. Tulilisimamisha, tukaligeuza, tukalirudisha na kulitoa tena. Nusu ndani, nusu nje.

"Fundi, ulipima?" mwenyekiti aliuliza.

"Nilipima mlango."

"Na korido?"

Nilitamani ile sakafu nzuri ipasuke niingie.

Bibi akasema kutoka kwenye ngazi, "Halitapita hapo. Liliingia kabla ukuta huo haujajengwa. Nililiona kwa macho yangu. Walilibeba kutoka stesheni, wakaliweka, ndipo wajenzi wakaja kuziba."

"Bibi! Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza. Nilikuona una kamba, nikajua mwenye kamba anajua."

Wanaume walicheka mpaka wakaachia hodhi. Mwenyekiti hakucheka sana. Alisema ukuta wa zahanati haubomolewi kwa ajili ya karai, hodhi livunjwe, na Jumamosi asubuhi chumba kiwe kitupu.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani bibi alinishika bega. "Basi, usinune. Miaka yote hii nimekuwa ninaoga bila hilo." Angelalamika ningeona nafuu. Lile "basi" lake ndilo lililonikaa kifuani. Alilisema upesi mno, kama mtu aliyezoea kulisema.

Ijumaa asubuhi nililifungua daftari ili nichane zile kurasa. Ni hasira tu. Lakini nilipoziona, kila nati mahali pake, kila tofali na namba yake, nikafahamu kitu ambacho mtu mwingine angekifahamu jana yake. Hodhi halitafika kwa bibi. Bibi anaweza kufika kwenye hodhi.

Nilimfuata mwenyekiti, nikamwomba hodhi kwa siku hiyo moja tu.

"Nilisema ni lako," alinijibu. "Ukitaka kulala humo, lala. Kesho asubuhi livunjwe."

Nilirudisha hodhi mahali pake pamoja na wanaume wawili, nikajenga jiko, nikapandisha pipa, nikafunga bomba. Kizibo kilikuwa kimepotea. Nilikata kingine kwenye tairi kuukuu. Halafu nikachukua debe nikaenda mtoni. Safari ya kwanza nilijiona mwanamume. Ya nne shingo ilikuwa inawaka, na nilikuwa nimeijua njia ile kwa namna ambayo bibi hakuwahi kunisimulia: inapanda mwanzo hadi mwisho, hakuna pa kupumzikia.

Alasiri maji yalichemka. Bomba lilikuwa linavuja kwenye kiungo, tone baada ya tone, nikasema lazima nifungue nianze upya. Shangazi yangu, aliyekuja kumsaidia mama yake kuingia, alinitazama.

"Mwanangu, ukingoja lisivuje, mama ataoga ahera."

Nikaliacha livuje. Sijui kama watu wanaelewa ilivyonigharimu kuliacha livuje.

Shangazi alimwingiza bibi akiwa na kanga yake, akatoka kukaa mlangoni. Mimi nilikuwa nje, kwenye moto, ukuta kati yetu. Nilisikia maji yakitikisika. Kisha pigo moja ukutani.

"Bibi? Kuna nini?"

"Meneja akigonga mara moja, ongeza moto," sauti yake ilipita kwenye dirisha dogo la juu. "Mara mbili, acha. Hujui kazi wewe?"

Nikaongeza kuni. Akagonga tena. Nikaongeza. Akagonga tena, nikasikia anacheka peke yake mle ndani, kicheko cha kitoto ambacho sikuwahi kukisikia. Baadaye akagonga mara mbili, akanyamaza. Akanyamaza muda mrefu. Mimi nina akili ya kuona msiba kila palipo kimya. Nilimwona amezama. Nilimwona amepatwa na kizunguzungu.

"Bibi! Bibi!"

"Nyamaza, mume wangu. Meneja hakuwa anapigiwa kelele."

Nikakaa chini, mgongo kwenye ukuta wenye joto. Baada ya muda aliongea tena, polepole, nadhani hakuwa anaongea na mimi.

"Kumbe magoti yanaacha kuuma."

Mara moja tu alisema hivyo. Alikaa humo mpaka maji yalipopoa, na alipotoka ngozi ya vidole vyake ilikuwa imejikunja, akamwonyesha shangazi kama mtu aliyeletewa zawadi.

Jumamosi asubuhi nililifunika hodhi kwa magunia ya katani ili vipande visiruke, nikainua nyundo kubwa. Lililia kama kengele. Nililigonga mahali hapohapo mpaka likapasuka, na likishapasuka chuma cha namna ile hakina ubishi tena. Tulizika vipande kwenye shimo refu nyuma ya nyumba. Kisha nikapiga magoti nikafagia chumba kwa mkono, mara tatu, nikitafuta vigae vidogo vya ule weupe wa hodhi, kwa kuwa akina mama wangeingia humo miguu mitupu. Cha mwisho nilikipata penye tundu la maji, wakati kitanda kinateremshwa nje.

Miguu ya simba sikuizika. Nilimpelekea bibi yote minne. Aliigeuzageuza, akachagua mitatu akaipanga jikoni badala ya mafiga yake, na wa nne ukawa wa kuzuia mlango. Mmoja kati ya ile mitatu ulikuwa umemegeka kwa nyundo yangu, kwa hiyo sufuria inainama kidogo. Nilitaka kuichukua yote niisawazishe kwa tupa. Bibi aliuwekea kigae cha chungu chini yake.

"Niachie mafiga yangu," alisema.

Kila jioni napandisha debe moja la maji, yeye anayachemsha juu ya miguu ile, na shangazi anamkanda magoti kwa kitambaa. Mimi hukaa nje. Maji yakipoa, anagonga ukuta mara moja.