Mikono ya papa mwenye kravati

Mlangoni mwa ofisi moja hapa Kisangani kuna ndoo yenye bomba na tangazo la ugonjwa wa mpox linaloagiza kunawa mikono, kwa Kifaransa. Wiki jana papa mmoja, baba wa makamo mwenye kravati shingoni, alitusomea lote sisi tuliokuwa mlangoni, akatufasiria vizuri, kisha akanyoosha mikono na kungoja. Bibi yake wa ndoa akafungua bomba, akampaka sabuni, akamsuuza, akamfuta kwa kitenge.

“Na weye, mama?” mlinzi akauliza.

“Yangu ilisha nawa pamoja na yake.”

Juzi papa yule alirudi peke yake. Akanyoosha mikono mbele ya ndoo, akangoja.

“Papa, mama iko wapi?” mlinzi akauliza.

“Iko Yanonge, kwabo, kwa wazazi wake.”

Akaingia na mikono mikavu. Nimelisoma tena lile tangazo. Kweli, halisemi nani afungue bomba.