Shimo la Choo Kando ya Jiko

Siku niliyochimba shimo hilo naikumbuka vizuri, mjukuu wangu, hasa mgongo unapouma. Leo imenirudia tena hapa Cheyo, Tabora, baada ya kuwakuta wadogo zako wamejilaza kwenye mkeka, wanapaka rangi ramani ya hazina ya maharamia na kugombea penseli nyekundu ya kuwekea alama. Nikawaambia waiweke kwa uangalifu, mimi alama hiyo iliwahi kunichimbisha shimo. Wakacheka. Wewe usicheke, kaa nikusimulie, maana nasikia mwezi ujao unakwenda ukweni.

Nilikuwa kijana, nimemposa Monika, huyu huyu bibi yenu, kwao kijijini Lusu. Enzi zetu mposaji hakukaa ukweni akisubiri chai. Ulikwenda na jembe lako, ukalima, na wazee wakakutazama kwa pembeni wakikupima. Marehemu baba alinipa onyo moja tu: "Ukweni nenda na mikono, mdomo uache nyumbani." Nami nikauacha.

Alasiri moja mvua ikatufungia ndani. Monika alikuwa akifundisha watoto wadogo kanisani, na wafadhili walikuwa wameleta penseli za rangi na karatasi zenye michoro. Akanipa karatasi moja niipake, awe na mfano wa kuwaonyesha watoto. Ilikuwa ramani ya kisiwa, na pembeni haramia aliyefunikwa jicho moja kwa kitambaa, na maandishi ya Kizungu ambayo hakuna aliyeyaelewa. Sasa mimi bahari ningeijulia wapi? Nikaipaka kijani, ikawa mbuga. Kisiwa nikakipaka wekundu wa udongo wetu, nikaongeza zizi, mkwaju na jiko la nyasi, yaani nilichokiona mlangoni. Ndege aliyekaa begani kwa haramia sikumtambua, nikampaka rangi za kuku wetu. Alama ya hazina ikaangukia kati ya zizi na jiko. Monika alicheka mpaka akamwaga chai juu ya karatasi. Tukaianika kwenye kamba, na kulipokucha haikuwepo. Tukasema mbuzi kaila.

Asubuhi hiyo hiyo, Monika akiwa kanisani, baba yake akaniita. Mzee Lukasi alijulikana kijiji kizima kwa kuwacheka watu wanaotafuta rupia, fedha za zamani zilizofukiwa na Mjerumani alipokimbia vita. Akikutana na mtu ana sururu begani, alimwuliza kama Mjerumani hajambo. Basi akanionyesha mahali, akasema, "Kijana, nichimbie choo hapa."

Palikuwa karibu na jiko kiasi cha kusikia ugali ukisongwa. Mwanangu, hata kuku alijua hapo si mahali pa choo. Lakini mdomo nilikuwa nimeuacha nyumbani, nikachimba. Shimo likanifika magotini, likanifika kiunoni, na kila sururu ilipolia, mzee aliinama.

"Umegonga kitu?"

"Jiwe, baba."

"Liangalie vizuri."

Nikajiuliza ni choo gani kinachopendwa namna hii. Nikaanza kuogopa kwamba nimeposa kwenye nyumba yenye wazimu. Bado sikuuliza. Nilimpenda Monika kupita kiasi, na niliona neno moja baya lingenirudisha Tabora mikono mitupu.

Shimo lilipofika kifuani, mzee akanipa mgongo, akachomoa karatasi mfukoni na kuitazama kwa siri. Chai ilikuwa imeizeesha, ungedhani imetembea na misafara ya kale. Lakini kuku wangu nilimjua. Nikisema, namwaibisha baba wa mchumba wangu. Nikinyamaza, nitachimba mpaka Krismasi.

Hapo akatoka jikoni mama mzazi wa Mzee Lukasi, mwiko mkononi. Ajuza yule hakumwogopa mtu. Akampokonya mwanawe karatasi, akaishika mbali na macho.

"Huyu ni nani?"

"Mjerumani, mama," mzee akasema kwa sauti ndogo. "Aliumia jicho vitani."

Bibi akaitazama tena. "Mjerumani gani anatembea na kuku begani?"

Mzee akaangalia zizi. Bibi akanigeukia mimi kule shimoni. "Na wewe! Unachimba choo mlangoni pa jiko langu, huulizi? Ukiambiwa chimba kaburi lako, utaomba vipimo? Mimi mjukuu wangu simwozi bubu."

Mwanangu, sijawahi kuupata mdomo haraka namna ile. "Bibi, karatasi hiyo niliipaka rangi mimi."

Bibi alicheka mpaka akakaa juu ya kifusi. Mzee hakucheka. Alichukua koleo, akaanza kufukia, nami nikatoka nikamsaidia. Shimo lilipofika nusu, akasema bila kunitazama, "Kwa nini hukuniuliza?"

"Niliogopa kunyimwa Monika, baba."

Akatupa udongo kidogo, akasimama. "Na mimi niliogopa utanicheka." Ndipo akaangua kicheko, na tangu siku ile nikawa mwana wa nyumba ile.

Basi sikiliza. Huko unakokwenda, amkia wakubwa, lima kwa bidii, kula unachopewa. Lakini ukionyeshwa mahali pa choo kando ya jiko, uliza. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, nami naongeza kwamba hata kwa mkwe si utovu wa adabu. Uliza kwa upole, faraghani, bila kumvunjia mtu heshima. Yule anayekutuma huenda naye ana jambo linalomwelemea na hajui atalisemaje. Mimi na Mzee Lukasi tulitoka jasho siku nzima kwa sababu kila mmoja alimwogopa mwenzake.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe wakwe wema, jembe jepesi na ulimi laini. Na siku ulimi ukikushinda, akutolee bibi jikoni kwa wakati.