Bastola Chini ya Sare ya Uuguzi

Mwanamume aliyenifungia ndani hakuwa na silaha yoyote. Alikuwa mtoto wa mgonjwa wangu, mtu wa miaka hamsini hivi, mpole, na kila nilipofika kwao Fort Worth, hapa Texas, kumsafisha mama yake kidonda alinipokea mkoba mlangoni. Siku hiyo, nilipomaliza na kuvua glavu, alifunga mlango kwa ufunguo, akautia mfukoni, akavuta kiti na kuketi mbele ya mlango.

"Hutoki," aliniambia, "mpaka ale."

Mama yake alikuwa hajala kwa siku nne. Mimi ni muuguzi. Nilijua mwili ukishafika pale hautaki tena chakula, na nadhani hata yeye alijua. Simu yangu nilikuwa nimeiacha kwenye gari. Nikarudi kitandani, nikakiinua kichwa cha mama, nikamlisha matofaa yaliyopondwa. Kijiko kimoja, nikangoja. Cha pili. Cha tatu kilirudi chote. Nilikaa humo tangu saa nne asubuhi hadi karibu saa saba. Kisha yule mwanamume akaanza kulia, akafungua mlango mwenyewe, akanibebea mkoba hadi kwenye gari huku akisema samahani, samahani.

Kosa langu lilikuwa kumwambia mume wangu.

"Ripoti kazini," alisema.

Nilimweleza kwamba nikiripoti, kampuni itaacha kutuma muuguzi pale, na yule mama atakufa na kidonda kinachonuka.

"Basi nunua bastola."

Nilidhani ni hasira tu, itapita. Lakini tangu siku hiyo alinipigia simu katika kila nyumba niliyoingia. "Umetoka?" "Bado." Baada ya dakika kumi: "Umetoka?" Nikampigia mama yangu kule Kenya, nikitarajia atanitetea. Yeye akasema, "Mwanangu, huko kwenu si kila mtu anayo? Utabaki wewe peke yako mikono mitupu?" Na katika chama chetu cha akina mama hapa Arlington, nilipoligusia jambo hilo, dada mmoja ambaye ndiye hutuongoza kwa maombi alifungua mkoba wake akanionyesha yake. Ilikuwa imelala kando ya Biblia.

"Wewe ulidhani mimi hu-drive mpaka Houston na maombi peke yake?" aliniuliza.

Jumamosi tukaenda dukani. Muuzaji alikuwa mzee mwenye adabu, mzaliwa wa hapa hapa Texas, na maswali yake yote aliyaelekeza kwa mume wangu. "Mkeo ataipenda hii," alisema, akaweka juu ya kioo bastola ndogo yenye mpini wa samawati. "Inafichika vizuri. Hata mfukoni inakaa."

"Muulize mwenyewe," mume wangu akasema, na kwa hilo nilimshukuru.

Niliishika. Kidole changu cha mwisho kilikosa mahali pa kushika, kikabaki kinaning'inia. Mzee akaniambia nivute ile sehemu ya juu irudi nyuma, kama mtu anayeingiza risasi ya kwanza. Nikavuta, haikusogea. Mimi ambaye humgeuza mgonjwa wa kilo mia bila msaada! Nikavuta tena, na mume wangu akatazama pembeni. Mzee akatoa nyingine, nene zaidi, iliyoipita ile ya kwanza kwa upana wa vidole viwili. Hiyo ilikubali.

"Na hii utalenga vizuri," alisema, sasa akiniangalia mimi. "Lakini kuificha ni kazi. Ile ndogo utaificha, lakini itakurusha mkono, na hutapenda kufanya nayo mazoezi. Huwezi kupata yote mawili. Kazini unavaa nini?"

"Sare ya uuguzi."

Akakuna kidevu. Suruali zetu zina kamba tu kiunoni. Ukitundika kitu kizito zinashuka. Akaniletea mkanda mpana wa kunyumbuka, wenye mfuko, wa kufunga tumboni chini ya shati. Nilipojaribu kuufunga kule chooni nilikumbuka leso ambayo mama mkwe alinifungia tumbo nilipojifungua mtoto wa kwanza, akiivuta mpaka nikakosa pumzi. Yeye angalau aliniambia itaisha baada ya siku arobaini.

Mwishowe tulichukua ya tatu, ya katikati, ambayo haikuwa rahisi kuficha wala rahisi kulenga. Nilijaza polepole fomu ya kukaguliwa kama nina rekodi ya uhalifu, nikiomba moyoni majibu yarudi kwamba nimekataliwa, ili niende nyumbani bila lawama. Nilikubaliwa kabla kahawa yangu haijapoa.

Kampuni yetu hairuhusu silaha ndani ya nyumba ya mgonjwa. Kwa hiyo mume wangu alifunga kisanduku cha chuma chini ya kiti cha gari, na mimi nikawa muuguzi anayebadilisha bandeji huku akichungulia dirishani kuona kama gari halijavunjwa. Nikaanza kuota kuhusu kile kisanduku mara nyingi kuliko nilivyowahi kuota kuhusu ule mlango.

Kwa yule mama, aliyebaki kumeza vijiko vichache vya maji, niliendelea kwenda. Mwanawe sasa alikuwa haufungi mlango kabisa. Aliuacha wazi hadi ukutani, katika joto la Agosti, hewa baridi yote ya kiyoyozi ikimwagika barabarani na nzi wakiingia, ili nione njia ya kutokea. Na mimi, kwa sababu asubuhi hiyo mume wangu alikuwa amenifunga ule mkanda kwa mikono yake mwenyewe, na kwa sababu nilichoka kubishana, niliingia pale nikiwa nimeibeba.

Nilipoinama kumwinua mama, chuma kilinichoma chini ya mbavu. Mwanawe akaja upande wangu kunisaidia, mkono wake ukapita karibu na tumbo langu. Niliruka nyuma. Mama akaniponyoka, akaanguka kwenye mto na kutoa sauti ndogo.

Yule mwanamume alisimama akinitazama. "Bado unaniogopa," alisema.

Sikuweza kumwambia kwamba si yeye. Nilimtengeneza mama yake, nikamfunika, nikaandika taarifa yangu, nikatoka. Alifariki wiki iliyofuata, siku ambayo sikuwa zamuni.

Nilimwambia mume wangu siibebi tena. "Basi acha kazi za majumbani, rudi hospitali," alisema, naye anajua kwa nini niliondoka huko, anajua mgongo wangu. Hakuwa akigomba. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nataka tu urudi nyumbani," alisema.

Sasa kila asubuhi ananiuliza, "Umebeba?" Namjibu nimebeba, na ni kweli, ipo kwenye kisanduku. Binti yetu husikia maswali hayo akila nafaka yake, wala hauinui uso.

Juzi mume wangu alinionyesha bastola nyingine kwenye simu yake, nyembamba, mpya. "Hii hata hutaisikia mwilini," alisema.

Nikamwambia tutaiangalia Jumamosi.