Kizuizi Asichokifikia

Mzee Gia aliendesha lori la msaada miaka kumi na minane, na wenzake walimsifu kwamba hakuna njia inayomtia woga. Siku moja, akipeleka unga na dawa kwenye kambi ya waliokimbia vita, alisikia risasi huko mbele. Kizuizi cha wanajeshi kilikuwa bado mbali, lakini aligeuza gari, na ofisini akasema wanajeshi wamemkatalia kupita. Hakuna aliyemuuliza zaidi.

Baada ya siku tisa alirudi, akapita bila shida. Mkunga wa kambi alimpokea kwa mikono miwili.

"Pole, baba. Tulisikia walikurudisha. Tulikuombea usidhurike."

"Mlikaaje bila dawa?"

"Tulizika watoto wawili. Lakini wewe huna kosa."

Mzee Gia alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Mama, hata kizuizini sikufika. Niliogopa, nikageuza gari."

Mkunga akawaita wanawake waliokuwa karibu wakisikia waje kushusha mizigo. Mzee Gia alibeba nao magunia mpaka la mwisho, na hakuna aliyemsemesha.